Mashahidi Wawili

Saa kumi na moja na nusu, Majengo bado inapiga miayo.
Nautemea mate mkanda (ndiyo, mate,
maji ya bomba ya Julai yana meno),
naufunga chini ya matiti, naubana tundu la tatu.
Mkono wa kushoto navaa saa
aliyoniletea Ndewario, mdogo wangu,
wiki ile daktari aliposema,
"Dada, huu moyo uangaliwe."

Mchana mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo.
Miaka kumi na tisa naandika maneno ya walioapa,
na najua: mashahidi wawili wa tukio moja
hawakosi kupishana.
Wakilingana neno kwa neno
hakimu huvua miwani.

Basi leo nawaita nyinyi.

Kutoka mnara wa saa hadi daraja la Rau,
mwendo wa mtu anayeweza kuongea.
Saa: mia na sitini na nane.
Mkanda: mia na thelathini na moja.
Kifua kimoja, alfajiri moja,
na katikati mapigo thelathini na saba
yasiyo na mwenyewe.

Nikasimama mbele ya banda la fundi baiskeli.
Vidole viwili shingoni, robo dakika:
thelathini na mbili. Mara nne.
Hesabu ya darasa la tatu ikaegemea upande wa mkanda.

Nikamgeukia saa.
Moyo uliuona kwa macho yako?
— Hapana, mheshimiwa. Namulika ngozi kwa vitaa vya kijani,
damu ikipita natazama kivuli chake.
Na kwenye baridi hii, damu ikijikunyata ndani?
Kimya.
Na mkono ukitikisika?
— Nilisikia mshindo, mheshimiwa.
Mshindo wa nini?
— Wa miguu.

Kumbe ulikuwa unahesabu raba zangu!
Ushahidi wa kuambiwa, na aliyekuambia ni lami.

Simtukani. Amepangishwa mbali, mwisho wa mkono,
habari za nyumba kuu zinamfikia zimepoa.
Nikitulia kitini husema kweli tupu:
sitini na sita, sitini na saba, mpole kama mtoto wa shule ya Jumapili.
Ni mbio zinazomfanya aseme uongo.
Wengi wetu ndivyo tulivyo.

Mkanda yeye analala mlangoni.
Kila cheche ya moyo inamkanyaga ikitoka.
Lakini naye ana yake: akilegea hushuka kiunoni
kama khanga ya mlevi,
na akikauka huapa, bila haya,
kwamba nimekufa. Sifuri.
Nikiwa napanda Shanti Tauni, natokwa jasho, natukana.

Jumamosi nilirudi kwa njia ya KCMC.
Pale ni mteremko; moyo ulitakiwa kupumzika.
Hatua zilezile, pumzi ileile,
Kibo imejifunua nyuma yangu, sikugeuka kuitazama.
Nikapita lango, na ndani ya lango benchi la saruji
nililokalia usiku tisa
na chupa ya uji wa Mama ambao haukunywewa.

Saa: mia na sitini na nane. Kasuku.
Mkanda: mia na ishirini na tisa.
Mia na thelathini na nane.
Mia na hamsini na tatu.

Mimi mwenyewe nilidhani nimeshapoa.
Mtu angeniuliza, ningeapa.

Nyumbani nikaandika namba zote mbili daftarini,
kwa wino, kama kazi inavyotaka.
Safu ya maelezo nikaiacha wazi.
Nikaosha mkanda kwenye beseni, chumvi ikatoka,
nikauanika kati ya soksi na taulo.

Mama Kileo akachungulia juu ya ua.
"Aikande, ni nini hicho? Umefanyiwa upasuaji?"

Bado, nikamwambia.